Karatasi ya Tatu Aliyosaini Kaka Yangu

Sehemu ya Sita

Mliponiacha Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama uani na aproni yangu, nawatazama wapima ardhi wawili wakigongomea vigingi katikati ya bamia zangu. Mmoja wao aliniambia kwa adabu kabisa kwamba mwenye shamba ameliuza kwa kampuni ya hoteli, na mauzo yanakamilishwa Ijumaa. Nikamwambia mwenye shamba ni mimi. Akaangalia karatasi zake, akasema hapana mama, mwenye shamba anaitwa Ketura Mungin.

Ketura ni binti yangu. Sina mtoto mwingine.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Evaleen Mungin, ila hapa kisiwani, Carolina Kusini, kila mtu ananiita Minna. Nimepika katika jiko la shule miaka ishirini na saba. Naishi katika nyumba aliyotuzalia mama, ekari saba mpaka kwenye kinamasi cha maji ya chumvi. Miaka miwili iliyopita nilimwandikia Ketura hati ya kuachia. Ni karatasi moja tu, haina ahadi yoyote. Unasema hivi: haki yoyote niliyonayo hapa, nakuachia wewe. Nilisaini mezani huku nikimenya kamba, mikono yangu ikinuka. Ketura alisema ni ya kuepusha usumbufu wa mahakama nikifa, na kwamba nitakaa humo mpaka siku yangu ya mwisho.

Barua zenu nimezisoma. Mmemtukana Ketura vya kutosha. Mama mmoja ameandika kwamba mtoto wa hivyo angemlaani mbele ya mimbari.

Leo nawaomba mnyamaze kidogo, kwa sababu kuna neno nimewadanganya tangu sehemu ya kwanza. Niliwaambia mama aliniachia mimi nyumba. Si kweli.

Mama alikufa bila wosia. Nyumba ilikuwa ya watoto wake wote wawili, mimi na kaka yangu Lucius.

*

Jumatatu asubuhi nilivuka daraja kwenda mjini kumwona wakili Odette Prioleau. Ni mwanamke wa makamo, babu yake alikuwa akivua kaa na babu yangu. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Nilimpa hati niliyomwandikia Ketura, nikaanza kulia na kumwelezea ubaya wa mwanangu.

Aliniacha nilie. Akasoma. Haikumchukua dakika mbili, maana hati yenyewe ni ukurasa mmoja.

Akaniuliza, "Hilo la kukaa humo mpaka ufe, limeandikwa wapi?"

Nikamwambia tuliongea.

"Mliongea," akasema. Akaiweka hati mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Akanifafanulia. Nilichokuwa nacho nimekitoa chote, bila sharti, kwa hiari yangu, na hati imesajiliwa. Ketura anaweza kuuza, kupangisha, au kufugia nguruwe humo, na mimi sina la kusema. Nikamwuliza hakuna njia hata moja? Akaniuliza nyumba ilifikaje kwenye jina langu peke yangu, kwa sababu kwenye kompyuta anaona wamiliki walikuwa wawili.

Nikasema kaka aliniachia sehemu yake.

"Kwa nini?"

Nikasema alikuwa anaishi Philadelphia, hakuitaka.

Wakili hakuandika neno. Alisema yeye hana kazi na uongo, na mimi sina siku za kupoteza. Kama kaka aliachia kwa kujua, basi yamekwisha, niende nyumbani nikafungashe. Lakini kama alisainishwa kwa kudanganywa, anaweza kwenda mahakamani kabla ya Ijumaa na kuomba mauzo yasimamishwe, na nusu yake irudi. Kampuni ya hoteli haitaki nusu shamba. Ikishanunua bila kujua lolote, hapo ni vigumu sana kumrudisha mtu nyuma.

"Nusu yako imekwenda, Bi. Evaleen. Ya kwake bado inaweza kuokolewa. Lakini lazima mtu aape mbele ya hakimu kwamba alimdanganya. Sasa nakuuliza, nani alimdanganya?"

Nikaangalia viatu vyangu.

*

Nikamwambia yote. Ilikuwa hivi.

Mama aliugua miaka kumi na mmoja. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi. Lucius alikuwa Philadelphia anagawa barua za posta, na kila Krismasi alituma kadi na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mama alilibusu lile paja kama limetoka mbinguni, halafu ananigeukia na kuniambia chai yangu haina sukari ya kutosha. Mimi nilikuwa nameza tu.

Alipokufa, kimbunga cha mwaka uleule kikang'oa paa. Serikali ilikuwa inasaidia kutengeneza, ila ilitaka saini za warithi wote. Lucius akaja na treni. Hakumaliza wiki. Sukari ilikuwa imemharibia kidonda cha mguu, wakamlaza hospitalini na kumkata vidole viwili.

Nilikwenda kumwona wodini nikiwa na Ketura. Ketura anafanya kazi benki, ana leseni ya kugonga mhuri wa kuthibitisha saini za watu, na ndiyo sababu nilimchukua. Mkobani nilikuwa na karatasi tatu. Mbili zilikuwa za paa. Ya tatu ilikuwa hati ya kuachia. Nilikuwa nimeinunua fomu dukani na kuijaza mwenyewe.

Kaka hakuwa na miwani. Ilibaki nyumbani, juu ya kabati. Niliiona pale asubuhi nilipokuwa natoka, nikaiacha.

Alisaini ya kwanza, akasaini ya pili. Kwenye ya tatu akasita, akaisogeza karibu na uso.

"Minna, hii ya tatu ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni kama zile mbili."

Akasaini. Mhudumu wa wodi aliyekuwa anakusanya sahani akatia saini kama shahidi, hata hakutazama. Ketura akagonga mhuri. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Tukiwa kwenye gari aliniuliza mara moja tu kama Mjomba anajua. Nikamwambia aendeshe.

Nilijiambia nailinda ardhi. Wanawe Lucius hawajawahi kukanyaga tope la kinamasi chetu, nikasema wangeiuza siku ya mazishi yake. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kulipwa kwa ile miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu mwingine wa kunilipa niliyeweza kumfikia.

*

Nilipotoka kwa wakili nilimkuta Ketura ameketi barazani kwangu. Ameleta wali mwekundu na samaki, kama kawaida yake, na ameshafunika sahani kwa karatasi ya foili.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mbaya. Sikumkuta. Nilimkuta mwanangu, macho yamemvimba, bado ana sare ya benki.

Akasema amenitayarishia chumba kwake mjini, chenye bafu lake, bila ngazi. Akasema nyumba hii itanila, sakafu imeoza upande wa jikoni, na kimbunga kijacho hakitaishia kwenye paa. Alitaka kuniambia Jumapili baada ya ibada, wapima ardhi wakamtangulia.

Nikamwuliza mbona aliniahidi nitakaa humu mpaka nife.

"Nilikuahidi," akasema. "Na wewe ulimwambia Mjomba ni karatasi ya paa."

Sikujua nishike nini. Nikashika ile sahani.

"Mama, mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne siku ile. Nilikuwa sijawahi kugonga mhuri wa uongo. Uliponiambia niendeshe, niliendesha. Tangu siku hiyo nikipita kwenye nyumba hii siioni nyumba ya bibi. Naona ile wodi."

Nikamwambia kuna njia ya kuirudisha nusu ya Mjomba. Nikamwambia alichosema wakili. Nilidhani atafurahi.

Alisimama. Akaniambia polepole, kama anavyoongea na wateja wazee pale benki, kwamba mhuri ulio kwenye hati ile ni wake. Nikiapa kwamba Lucius alidanganywa, naapa na juu yake. Leseni itakwenda, kazi itakwenda, na huenda wakamshtaki.

"Uliponipa hii nyumba hukunipa zawadi," akasema. "Ulinipa mzigo wako nikubebee. Nimeuuza. Niache niutue."

Akateremka ngazi. Wali sikuula.

*

Jumanne nilimpigia Lucius. Sikusema kitu kwenye simu, nilisema tu aje, kuna jambo la nyumba. Hakuuliza swali. Alisema alikuwa anangoja nimwite tangu mwaka juzi, alidhani labda nimekasirika naye kwa sababu hakuwahi kurudi.

Jumatano nikampokea kituo cha treni cha Yemassee. Ana miaka sabini na moja sasa, anatembea na fimbo, na koti limekuwa kubwa kwake. Alikuwa amebeba mkoba mmoja na kopo la biskuti za siagi. Akanikumbatia muda mrefu pale kwenye jukwaa, mpaka watu wakatuzunguka kupita.

Nilimpikia supu ya bamia. Alikula mabakuli mawili. Halafu akatoka barazani, akainua uso kuangalia juu.

"Paa limekaa vizuri," akasema. "Angalau kitu kimoja nilimfanyia mama. Nikiwa kule kwenye baridi huwa nasema, vidole vilikatwa lakini paa lilipona."

Hapo ndipo nilipomwambia.

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, nimeshika nguzo ya baraza. Nilimwambia kuhusu fomu niliyoinunua dukani, nikamwambia kuhusu miwani juu ya kabati. Nikamwambia nusu yake niliichukua, nikampa Ketura pamoja na yangu, na Ketura ameuza, na Ijumaa saa nne asubuhi itakuwa imekwisha. Nikamwambia habari za wakili na hakimu. Niliongea haraka sana, kama mtu anayetapika na hataki kusimama.

Nilipomaliza alikuwa bado anatazama paa.

Akauliza jambo moja. "Siku ile nilikuuliza ya tatu ni ya nini. Ulinijibuje?"

"Nilisema ni kama zile mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilitaka kujua kama unakumbuka," akasema. "Kwa sababu mimi nimekuwa nikikumbuka. Sikujua kwa nini neno dogo hivyo linanirudia. Nikadhani ni dawa za hospitali."

Nikamwambia anitukane. Nilikuwa nataka anitukane.

Lucius hakunitukana. Aliniuliza kama Ketura alijua. Nikasema alijua. Akauliza alikuwa na umri gani, nikamwambia. Akafikiri. Kisha akaingia ndani, akachukua mkoba wake ambao hakuwa hata ameufungua, akatoka nao. Nikamwuliza anakwenda wapi na mguu ule. Akasema anakwenda kwenye barabara, na mtu yeyote wa kanisani akipita atamchukua, kisiwa hiki bado hakijawa kibaya kiasi hicho.

Nikamwambia kesho saa tatu, kwa wakili Prioleau, juu ya duka la viatu. Nikamsihi. Nikamwambia nitaapa, nitasema kila kitu, wanifunge wakitaka, lakini lazima yeye awepo kwa sababu madai ni yake.

"Nitakuja, Minna," akasema. Hakugeuka.

Nilimtazama mpaka gari jeupe lilipompakia pale kwenye mwaloni wa njia panda. Kopo la biskuti lilibaki mezani.

*

Alhamisi nilifika kwa wakili saa mbili na nusu. Nilivaa gauni langu jeupe la ushirika wa kanisani, maana nilijiona nakwenda kusafishwa. Leo nacheka nikilikumbuka lile gauni.

Wakili alikuwa ameshachapa kiapo changu. Alinisomea. Kila sentensi ilianza na mimi: mimi nilinunua fomu, mimi nilijua hana miwani, mimi nilisema ni kama zile mbili. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa kwamba hata tukishinda, nyumba itarudi kwa kaka na sio kwangu, na kwamba yeye akipenda anaweza kunitoa. Nikasema naelewa. Akaniuliza kama nimefikiria habari za binti yangu.

Nikasema nimefikiria.

Ndugu zangu, niseme kweli. Nilifikiria, nikachagua. Usiku kucha nilijiambia kwamba Ketura ni kijana, atapata kazi nyingine, lakini ardhi hii ikienda haitarudi. Nilimtoa mwanangu kama nilivyomtoa kaka, kwa ajili ya ekari zilezile saba, na safari hii nilikuwa na gauni jeupe.

Nikashika kalamu. Wakili akasema tumngoje kwanza kaka.

Saa tatu na dakika tano tukasikia fimbo kwenye ngazi. Inagonga, inapumzika, inagonga. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, amekuja.

Mlango ukafunguliwa. Lucius aliingia akiwa ameshikwa kiwiko, na aliyemshika kiwiko alikuwa Ketura.

Nilijua papo hapo kwamba alilala kwake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na pasi ile naijua, ina mkunjo mmoja begani. Mimi ndiye niliyemfundisha Ketura kupiga pasi hivyo.

Walikaa pamoja upande wa pili wa meza. Ketura hakuniangalia. Wakili alieleza tena kwa kaka yote aliyonieleza mimi, kwamba madai ni yake, kwamba leo ndiyo siku, kwamba dada yake yuko tayari kuapa alimdanganya. Akamwekea kile kiapo changu mbele yake.

Kaka akatoa miwani mfukoni. Akaivaa, akaisawazisha, akasoma ukurasa wote kwa kidole mstari kwa mstari, hakuruka neno. Ilichukua muda mrefu. Basi la shule lilipita chini, likasimama, likaondoka, yeye bado anasoma.

Alipomaliza akavua miwani.

"Hii haikuwa hivi," akasema.

Wakili akamwomba arudie.

"Nasema haikuwa hivi. Nilijua nilichosaini. Minna alinieleza, nikaisoma, nikamwachia sehemu yangu kwa sababu ni yeye aliyemlea mama. Mtoto huyu alinigongea mhuri wa halali. Andika hivyo, nitasaini."

Nilisikia mtu anasema jina lake, nikagundua ni mimi.

Ketura alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Kaka akampapasa mgongoni bila kumtazama, kama vile alikuwa anafanya hivyo miaka yote. Mimi alinitazama. Alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu barazani, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Hasira ningejua cha kuifanya.

"Kaka, hiyo si kweli," nikasema. "Unajua si kweli."

"Ni maneno yangu na yako," akasema. "Yako uliyasema wodini. Haya ni yangu."

Wakili Prioleau akachukua kiapo changu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akachukua karatasi tupu ya kuandikia maneno ya kaka. Akaviweka mbele yangu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Alisema ana watu wawili wanaosema vitu viwili, na mmoja wao anadanganya ofisini kwake. Akasema kiapo changu bado kinaweza kwenda kwa hakimu, kaka akubali asikubali, na hakimu ndiye atakayeamua. Lakini hapo itanibidi nisimame mbele ya kisiwa kizima na kumwita Lucius mwongo.

Kisha akanigeuzia kalamu, upande wa wino ukiwa kwangu.

"Bi. Evaleen," akasema, "nakuuliza mara moja tu. Kaka yako anadanganya?"